Ngazi ya Michezo ya Shule: Bingwa wa Nini Hasa?

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa pili kurasa za michezo za gazeti la Taifa Leo wazisome na kuzifupisha. Tulidhani wangekwama kwenye msamiati, kwa kuwa waandishi wa michezo wana Kiswahili chao: timu haishindi bali inatamba, haishindwi bali inacharazwa, na haiingii fainali bali inatinga. Haikuwa hivyo. Maneno hayo waliyakisia vizuri tu kutokana na muktadha. Walikwama kwenye habari moja fupi iliyohusu shule ya sekondari iliyotwaa ubingwa wa mpira wa magongo katika kaunti ndogo yake, ikawa inajiandaa kwa mashindano ya kaunti, kisha ya kanda, kisha ya taifa. Mwanafunzi mmoja akanyanyua mkono: "Mwalimu, sasa huyu bingwa ni bingwa wa nini hasa?" Mwingine akataka kujua kama huo mpira wa magongo ndio ule unaochezwa juu ya barafu.

Swali la pili ni jepesi, tulimalize kwanza. Mpira wa magongo, ambao wengine huuita hoki, huchezwa katika shule za Kenya na Uganda juu ya nyasi, au juu ya udongo mwekundu pale ambapo nyasi zimekwisha. Hoki ya barafu ni mchezo mwingine. Katika eneo letu ulianzia Nairobi, kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari uliofunguliwa mwaka 2005, na Kenya ikapokelewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu mwaka 2024. Sisi wa Masaka barafu tunayoijua ni ile ya kuwekea soda.

Swali la kwanza ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Wengi wa wanafunzi wetu watakuwa walimu wa Kiswahili katika shule za sekondari. Kila aliyepita katika kazi hiyo anajua kwamba mwalimu mgeni, kijana, asiye na familia kubwa, ndiye anayekabidhiwa michezo. Tena, timu ikibahatika kuvuka mpaka, mwalimu wa Kiswahili ndiye anayeambiwa afuatane nayo ili "atusemee huko". Ni vizuri basi ajue ngazi hii imejengwaje, na hasa ajue jambo moja ambalo halisemwi sana: ngazi hii imejengwa ili kumpata bingwa kwa gharama ndogo. Haikujengwa ili watoto wacheze.

Ngazi ni ramani ya utawala

Tuanze nyumbani. Tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, Rwanda ina mikoa minne pamoja na Jiji la Kigali, wilaya 30 na mirenge 416. Masaka yetu (si ile ya Uganda, ambayo tunaulizwa habari zake kila tunapojitambulisha ugenini) ni mmoja wa mirenge 10 ya wilaya ya Kicukiro. Mashindano ya shule yanasimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Shule, linalojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, FRSS, na siku hizi yanaitwa Amashuri Kagame Cup. Yasichanganywe na Umurenge Kagame Cup, ambayo ni ya wananchi kwa jumla na ambamo timu huchezea murenge. Katika mashindano ya shule, timu huchezea shule. Hushindana wilayani, washindi wa wilaya kadhaa hukutanishwa katika kile kinachoitwa ligi, na washindi wa ligi huenda kwenye fainali za taifa.

Hapo mwalimu wa lugha asimame kidogo, kwa sababu kuna mtego. Kwa mazoea tuliyoyapata kutoka Kifaransa, ligi hapa kwetu ni eneo, yaani wilaya kadhaa zilizowekwa pamoja. Kwa Mkenya au Mtanzania, ligi ni namna ya kushindana ambapo kila timu inakutana na kila timu na pointi zinahesabiwa. Mnyarwanda akimwambia Mtanzania kwamba shule yake ni "bingwa wa ligi", Mtanzania ataelewa kwamba shule hiyo imecheza msimu mzima, nyumbani na ugenini. Kumbe ilicheza siku mbili tu. Sisi tunapendekeza kuandika kanda pale inapokusudiwa eneo, na kuliacha neno ligi kwa maana yake ya Afrika Mashariki. Kuhusu umurenge hatuna pendekezo. Wenzetu wengine huandika tarafa, wengine kata, wengine sekta, na kila mmoja ana hoja. Katika makala hii tumeandika murenge na mirenge, na tunadhani hakuna msomaji aliyepotea.

Kenya nako ngazi inafuata ramani, ila kuna jambo la kuvutia. Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya, KSSSA, huanzia chini, hupanda hadi kaunti ndogo, kisha kaunti. Kaunti hizo ni 47 na zilianza kazi mwaka 2013 kufuatana na katiba ya mwaka 2010. Juu ya kaunti kuna kanda nane: Pwani, Kaskazini Mashariki, Mashariki, Kati, Nairobi, Bonde la Ufa, Magharibi na Nyanza. Msomaji mwenye umri wetu atayatambua majina hayo mara moja. Ni ile mikoa minane ya zamani. Katika utawala wa kaunti mikoa hiyo haina tena nafasi iliyokuwa nayo, lakini katika michezo ya shule ingali hai, na watoto waliozaliwa baada ya katiba mpya wanaimbia Magharibi na Nyanza kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la darasani. Bingwa wa kaunti ndogo ni bingwa wa majirani zake. Ubingwa wake ni kama tiketi: unampa ruhusa ya kupanda kipandio kimoja na kumwakilisha kila aliyemshinda. Ndiyo maana gazeti haliishii kusema "imeshinda" bali huongeza "itawakilisha". Wanafunzi wetu walilisoma neno hilo kama pambo. Ndilo lenye habari yenyewe.

Ramani ya utawala ina faida yake, kwamba kila shule ina mahali pa kuanzia na hakuna anayesahauliwa. Hasara yake huonekana pale ambapo mchezo haukusambaa sawasawa. Mpira wa magongo wa Kenya ni mfano mzuri. Zamani ulikuwa hasa mchezo wa jamii za Waasia wa mijini. Timu ya taifa yenye wachezaji wa jamii hizo ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971, jambo ambalo vijana wengi wa Kenya wenyewe hawalijui. Baadaye mchezo ulishika mizizi katika shule za bweni za magharibi mwa nchi. Friends School Kamusinga iko Bungoma na Musingu iko Kakamega, na zote mbili zimo katika kanda ya Magharibi. St. Anthony's ya Kitale haiko mbali na Kamusinga, lakini kwa sababu iko Trans Nzoia inahesabiwa katika Bonde la Ufa. Kanda ikipeleka timu moja tu kwenye fainali za taifa, Kamusinga na Musingu lazima zitoane mapema, hata kama ndizo timu mbili bora za nchi mwaka huo. St. Anthony's, kwa kuwa upande wa pili wa mstari, haina shida hiyo. Mstari uliochorwa kwa ajili ya kukusanya kodi na kujenga barabara unaamua nani atapanda basi kwenda kwenye fainali.

Je, kuna namna nyingine? Ipo, na tunaipata huko huko kwenye barafu. Jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, limekuwa na mashindano ya hoki ya barafu ya shule za sekondari tangu mwaka 1945 kwa wavulana na tangu 1995 kwa wasichana. Huko hawafuati mipaka ya utawala. Chama cha michezo ya shule huchora kanda zake chenyewe kwa kuangalia shule ziko wapi, na huzichora upya kila baada ya muda. Zaidi ya hayo, kwa wavulana tangu mwaka 1994 shule zimegawanywa katika madaraja mawili kwa idadi ya wanafunzi, kubwa upande mmoja na ndogo upande mwingine. Kila daraja lina kanda nane, kila kanda hutoa bingwa wake, na mabingwa wanane hukutana katika mji wa St. Paul. Shule ndogo ikijiamini inaruhusiwa kuomba kucheza na wakubwa.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikubaliwa kirahisi. Eveleth, mji mdogo wa machimbo ya chuma, ulitwaa ubingwa wa kwanza mwaka 1945, kisha ukautwaa miaka minne mfululizo, 1948 hadi 1951, ukizishinda shule za miji mikubwa. Kwa watu wengi wa Minnesota utamu wote ulikuwa hapo, mji mdogo kuuangusha mkubwa, na walilalamika kwamba madaraja mawili yameuondoa. Nasi tukiwaza shule ya wanafunzi 300 ya huku pembezoni ikipangwa na ile ya wanafunzi 2000, hatujui tungepiga kura upande gani. Moyo unasema waache wakutane. Kichwa kinahesabu wachezaji wa akiba.

Mtoano, makundi, na bei ya chakula cha mchana

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Neno mchujo linatokana na kuchuja, kama mtu anavyochuja tui la nazi: kinachotakiwa hupita na machicha hubaki juu. Katika michezo mambo ni hayo hayo, isipokuwa machicha ni watoto.

Tuchukue Kicukiro kama mfano wa hesabu. Tuseme kila murenge umetoa timu moja, jumla timu 10, na wenye mashindano wameamua kutumia mtoano, yaani ukifungwa unatoka. Kila mechi humtoa mmoja, na ili abaki mmoja ni lazima tisa watolewe. Kwa hiyo mechi ni tisa tu. Kwa kuwa 10 haigawanyiki vizuri kwa mbili hadi mwisho, timu nne zitacheza raundi ya awali na sita zitapita bila kucheza, ndipo zibaki nane kwa robo fainali. Mashindano yote yanaweza kumalizika kwa siku mbili kwenye viwanja viwili. Lakini angalia upande wa pili: timu zisizopungua nne, pengine sita, zitacheza mechi moja tu na kurudi nyumbani. Mtoto alifanya mazoezi muhula mzima, akacheza nusu saa mbili, basi.

Sasa tuzigawe timu hizo hizo katika makundi mawili ya timu tano. Kila kundi lina mechi 10, yaani 20, kisha nusu fainali mbili na fainali moja. Jumla mechi 23. Kila timu, hata ya mwisho kabisa, imecheza mechi nne. Tofauti kati ya 9 na 23 ndiyo tofauti kati ya kutafuta bingwa na kuchezesha watoto, na tofauti hiyo ina bei: mafuta ya basi, waamuzi, maji, chakula cha mchana na siku za masomo zinazopotea. Mkurugenzi wa masomo akiona ratiba ya siku tano anauliza nani atafundisha hesabu siku hizo. Hatumlaumu. Ila tunaona kwamba mara nyingi uamuzi huu hufanywa kana kwamba haupo, kwa sababu tu mwaka jana ulifanywa hivyo.

Katika fainali za taifa za Kenya, timu za kanda nane kwa kawaida hupangwa katika makundi mawili ya nne nne, kwa hiyo aliyefika huko ana uhakika wa mechi tatu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba ukarimu huu uko juu, kwa wale waliokwisha kucheza sana. Kule chini, kwenye timu nyingi na watoto wengi, ndiko mtoano unakotumika zaidi. Minnesota wamelipanga kinyume. Kabla ya mchujo wowote kuanza, kila shule inakuwa imecheza msimu wa kawaida wa hadi mechi 25 na majirani zake. Mchujo huja mwishoni. Hata huko St. Paul, timu nne zinazofungwa siku ya kwanza hazipandi basi, huendelea na mashindano ya faraja. Ni nchi tajiri, ni kweli, na uwanja wa barafu ni ghali kuliko uwanja wetu wa udongo. Lakini wazo lenyewe, kwamba mechi zije kwanza na mchujo baadaye, halihitaji barafu.

Timu ya shule au kombaini?

Wanafunzi wetu wanaposoma magazeti ya Tanzania hukutana na fumbo la tatu. Huko hawasomi jina la shule hata moja kwenye fainali. Wanasoma kwamba Mwanza imeifunga Dar es Salaam, au kwamba Mtwara imetoka sare na Tabora, na wanadhani ni ligi ya watu wazima. Kumbe ni UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ndugu yake UMITASHUMTA wa shule za msingi.

Tanzania, mashindano yakishapanda juu ya shule, wachezaji bora huchaguliwa kutoka shule mbalimbali na kuwekwa kambini ili waunde timu ya wilaya, na baadaye ya mkoa. Wenyewe huiita kombaini, neno ambalo kamusi nyingi hazijalipa nafasi linayostahili. Mfumo huu una upole wake. Mtoto mwenye kipaji aliye katika shule ya kata isiyo na kiwanja hahitaji shule yake ishinde ili yeye aonekane. Anahitaji mtu mmoja amwone. Katika mfumo wetu na wa Kenya, mtoto huyo hupotea pamoja na timu yake, la sivyo ahamie shule yenye jina katika mchezo huo. Tunazijua shule hizo. Groupe Scolaire Officiel de Butare ina jina katika mpira wa wavu, Lycée de Kigali na APE Rugunga katika mpira wa kikapu, ADEGI Gituza na ES Kigoma katika mpira wa mikono.

Kwa upande mwingine, kombaini huvunjika siku ileile fainali inapokwisha. Hakuna shule inayobaki na kombe, na wachezaji hutawanyika kila mmoja kwake. Ugumu mwingine hutokea kwenye michezo ya Shirikisho la Vyama vya Michezo vya Shule za Sekondari Afrika Mashariki, FEASSSA, kwa kuwa huko timu hujitambulisha kwa jina la shule. Mkoa hauwezi kwenda, hata uwe bingwa. Nchi yenye kombaini nzuri inalazimika kutafuta tena, ndani ya mikoa yake, shule gani itakayokwenda.

Jina la ukoo

Neno mamluki kwa Kiswahili sanifu ni askari wa kukodiwa. Katika michezo ya shule ni mchezaji asiye mwanafunzi wa shule anayoichezea, au aliyezidi umri, au aliyeletwa kwa wiki mbili kisha akatoweka. Kila nchi ya eneo hili inawajua, na kila nchi ina fomu za kuwazuia: picha, cheti cha kuzaliwa, matokeo ya mitihani, sahihi na muhuri wa mkuu wa shule. Ni jambo jema. Lakini fomu inaweza kumkamata asiye na hatia, nasi tumeliona kwa macho yetu.

Miaka kadhaa iliyopita tulifuatana na timu ya wasichana ya shule moja ya hapa Kigali kwenda kucheza nje ya nchi. Kwenye meza ya ukaguzi fomu ilikuwa na nafasi ya jina la ukoo na nafasi ya jina la baba. Wasomaji wetu wa Rwanda tayari wanatabasamu. Kwetu baba akiitwa Habimana, binti yake anaweza kuitwa Uwase na kaka yake Mugisha, na hakuna jina la ukoo linalowaunganisha. Mkaguzi alizoea nchi ambako jina la mtoto huishia na la baba au la babu. Akaona msichana ambaye jina lake halifanani na la mzazi hata kidogo. Kama hilo halikutosha, jina lake la ubatizo lilikuwa na r kwenye kadi ya shule na l kwenye cheti cha kuzaliwa, jambo la kawaida kabisa kwa msemaji wa Kinyarwanda. Mkaguzi akahitimisha kwamba ni watu wawili. Msichana akakaa benchi mechi ya kwanza akilia, amevaa jezi.

Jioni ile tuliketi na mkaguzi. Hakuwa mtu mbaya. Tulimweleza kwa Kiswahili jinsi majina yanavyotolewa nchini kwetu, tukamwonyesha majina ya wachezaji wengine wote na ya wazazi wao, akaona kwamba kama sheria ni hiyo basi timu nzima ni mamluki. Akacheka. Siku ya pili msichana akacheza. Tunayasimulia haya kwa sababu mafunzo ya ualimu hayamwandai mtu kwa meza ile, na pale hapakuwa na kitu kingine cha kutusaidia ila lugha. Kwa ushauri wa vitendo tu: mwalimu, kagua tahajia za majina mwezi mmoja kabla, na uwe na barua fupi ya mkuu wa shule, kwa Kiswahili na Kiingereza, inayoeleza kwamba Wanyarwanda wengi hawana jina la ukoo.

Kalenda

Hili tulipitie haraka. Michezo ya FEASSSA kwa kawaida hufanyika Agosti: Musanze mwaka 2018, Arusha 2019, ikasimama kwa sababu ya UVIKO-19, ikarudi Arusha 2022, Huye 2023, Uganda 2024 na Kakamega 2025. Kwa Mkenya, Agosti iko katikati ya mwaka wa masomo. Kenya kwa mazoea huchezesha magongo, kikapu na mikono muhula wa kwanza, kisha mpira wa miguu, wavu na pete muhula wa pili, na Agosti mabingwa wa vyote wako tayari. Tanzania hutumia likizo ya Juni kwa UMISSETA, kwa hiyo nao wanafika wakiwa wameiva.

Kwetu mambo yaligeuka. Hadi mwaka 2020 mwaka wetu wa masomo ulianza Januari. Baada ya shule kufungwa kwa UVIKO-19 kalenda ilihamishwa, mwaka mpya ukaanza Oktoba 2021, na sasa huanza Septemba na kuisha Julai. Agosti imeangukia kwenye ufa kati ya miaka miwili. Wachezaji wako majumbani, bweni limefungwa, mpishi yuko likizo, na wale wa kidato cha sita wamemaliza mtihani wao wa mwisho. Je, huyo bado ni mwanafunzi wa shule ile? Mwalimu asingoje Agosti kuuliza. Aulize mapema, na apate jibu kwa maandishi.

Mechi zisizo na ngazi

Huko Huye kuna mashindano ya mpira wa wavu yaitwayo Memorial Rutsindura, ya kumkumbuka Alphonse Rutsindura, mwalimu wa Petit Séminaire Virgo Fidelis ya Karubanda aliyeuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Hayamo katika ngazi yoyote. Hayampeleki mtu kandani wala taifani. Shule huja, klabu huja, wazee waliostaafu huja, wanacheza na kuondoka. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha kwamba mashindano yanaweza kuwa na heshima na watazamaji bila kuwa kipandio cha kwenda kwingine.

Kwa wasio na mashindano kama hayo karibu, tazameni ramani tena. Masaka imepakana na Rusororo. Mtoto wa Masaka huenda Kabuga kwa miguu kununua daftari. Lakini Kabuga iko Rusororo, na Rusororo iko Gasabo, kwa hiyo katika ngazi rasmi shule ya Masaka na shule ya Kabuga haziwezi kukutana wilayani. Ili zikutane ni lazima kila moja iishinde wilaya yake kwanza. Zipo shule za pande hizo mbili ambazo hazijawahi kuchezeana, na kengele ya moja inasikika kwa nyingine.

Mwaka huu wanafunzi wetu wanne waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha walipanga Jumamosi nne za mpira wa mikono na wavu kati ya shule tano za eneo hilo. Kila timu ilikutana na kila timu. Hapakuwa na basi kwa sababu halikuhitajika, na chakula kilikuwa viazi vitamu vilivyochangwa na wazazi. Ratiba, karatasi za alama na matangazo ya uwanjani vilikuwa kwa Kiswahili, na wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliotangaza, mara nyingine wakichanganya nusu fainali na robo fainali ingawa hapakuwa na mojawapo. Shule iliyoshika nafasi ya tano ilicheza mechi nne ikafungwa zote. Imeomba Jumamosi zirudiwe muhula ujao, na imeuliza kama inaweza kuwa mwenyeji.